Kutafuta Nyotamkia Ndogo: Nafasi ya Mwananchi wa Mbulu na Hanang

Na Mwandishi Wetu, Manyara

Mwezi Agosti 1936, jiwe lenye uzito usiofika gramu 200 lilianguka kutoka angani katika eneo la Ufana. Wakati huo Ufana ilikuwa sehemu ya Wilaya ya Mbulu, kabla ya wilaya hiyo kumegwa na kupatikana Wilaya za Hanang na Babati. Miaka miwili baadaye, tarehe 16 Desemba 1938, jiwe jingine lilianguka Ivuna, eneo ambalo leo limo katika Wilaya ya Momba, Mkoa wa Songwe. Mawe yote mawili yaliokotwa, yakawafikia wataalamu, na hadi sasa yanatajwa katika orodha za kisayansi za dunia. Jiwe la Ivuna limekuwa miongoni mwa ushahidi muhimu zaidi wa asili ya magimba ya angani yenye maji na kaboni, na jina la kijiji hicho limepewa kundi zima la vimondo vya aina yake.

Historia hiyo inawahusu wananchi wa leo kwa sababu utafutaji wa magimba madogo ya mfumo wa Jua, hususan nyotamkia ndogo, umebadilika sana katika kipindi cha miaka 30 iliyopita. Kazi iliyokuwa ya wanasayansi wachache wenye darubini kubwa sasa inafanywa pia na walimu, wanafunzi na watu wa kawaida wanaotumia kompyuta. Makala hii inaeleza nyotamkia ndogo ni nini, zinatafutwaje, na mwananchi wa Mbulu au Hanang anaweza kufanya nini anapoona jambo lisilo la kawaida angani au anapokuta kitu kilichoanguka.

Nyotamkia ni nini

Nyotamkia si nyota. Ni gimba la barafu, vumbi na mawe lililobaki tangu mfumo wa Jua ulipoundwa takriban miaka bilioni 4.6 iliyopita. Nyotamkia nyingi hukaa mbali sana, katika Ukanda wa Kuiper ulio ng'ambo ya sayari ya Neptuni, au katika Wingu la Oort ambalo liko mbali zaidi. Huko baridi ni kali na barafu hudumu bila kuyeyuka.

Nyotamkia inapokaribia Jua, joto huigeuza barafu yake kuwa gesi. Gesi hiyo hubeba vumbi, na kiini kidogo cha gimba huzungukwa na wingu kubwa linalong'aa. Mwanga na upepo wa Jua husukuma gesi na vumbi hilo nyuma, na hapo ndipo mkia unapotokea. Kwa sababu hiyo mkia huelekea upande ulio kinyume na Jua, hata pale nyotamkia inapokuwa katika safari ya kurudi mbali.

Kiini cha nyotamkia maarufu ya Halley kina urefu wa takriban kilomita 15. Nyotamkia ya 67P, ambayo chombo cha Rosetta cha Shirika la Anga la Ulaya kiliifikia mwaka 2014, ina upana wa takriban kilomita 4. Hizo zinahesabika kuwa za ukubwa wa kawaida. Zile zinazoitwa ndogo zina viini visivyofika kilomita moja, na baadhi yake hazizidi ukubwa wa nyumba ya kuishi.

Ugumu wa kuziona ndogo

Sababu ya kwanza ya ugumu huo ni uhaba wa barafu. Nyotamkia ndogo hutoa gesi na vumbi kidogo, hivyo mwanga wake ni hafifu. Kiini chenyewe ni cheusi, mara nyingi cheusi kuliko makaa, na hurudisha sehemu ndogo tu ya mwanga wa Jua unaokipiga. Darubini inaweza kukipitia bila kukitambua.

Sababu ya pili ni muda. Gimba dogo huonekana kwa siku au wiki chache linapokuwa karibu na Jua au Dunia, kisha hupotea. Asiyekuwa ameelekeza darubini mahali husika kwa wakati huo hataliona tena, pengine kwa maelfu ya miaka.

Sababu ya tatu ni Jua lenyewe. Nyotamkia hung'aa zaidi zinapolikaribia Jua, lakini hapo ndipo mwanga wa Jua unapozificha. Ni sawa na kutafuta kimulimuli kando ya taa kubwa ya gari. Ili kukiona, ni lazima taa izibwe kwanza.

Pamoja na ugumu huo, kazi hii ina faida zinazostahili gharama. Idadi ya nyotamkia ndogo ikilinganishwa na kubwa huonyesha jinsi magimba hayo yanavyovunjika na kuisha. Maji na kaboni vilivyomo husaidia kujibu swali la mahali ambapo Dunia ilipata sehemu ya maji yake. Aidha, kulifahamu gimba dogo mapema kunatoa nafasi ya kuhesabu kama njia yake inaikaribia Dunia.

SOHO na macho ya watu wa kawaida

Tarehe 2 Desemba 1995, Shirika la Anga la Ulaya kwa kushirikiana na Shirika la Anga la Marekani, NASA, lilirusha chombo kiitwacho SOHO. Chombo hicho kipo takriban kilomita milioni 1.5 kutoka duniani, upande wa Jua, na kazi yake ya msingi ni kulichunguza Jua. Kimefungwa kamera zenye kisahani kinachoziba uso wa Jua, mfano wa Mwezi unavyofanya wakati wa kupatwa kamili. Jua likizibwa hivyo, vitu hafifu vilivyo kando yake hujitokeza.

Matokeo yake hayakuwa yametarajiwa kwa kiwango hicho. Picha zilianza kuonyesha vidoa vidogo vikilikimbilia Jua, kimoja baada ya kingine. Vilikuwa nyotamkia ndogo. Nyingi kati yake hazirudi, kwa kuwa humalizika kwa joto kabla ya kulizunguka Jua.

Takriban asilimia 85 ya nyotamkia zilizopatikana katika picha za SOHO ni za kundi moja, linaloitwa kwa jina la Heinrich Kreutz, mwanafalaki wa Ujerumani aliyezichunguza njia zake mwishoni mwa karne ya 19. Magimba ya kundi hilo ni vipande vya nyotamkia moja kubwa iliyovunjika zamani, na vipande hivyo vimeendelea kugawanyika. Vingi vina upana wa mita chache hadi makumi kadhaa ya mita. Ni vidogo mno kuonekana kwa njia nyingine yoyote.

Jambo linalomgusa mwananchi ni kwamba picha hizo huwekwa katika intaneti bila malipo. Kupitia mradi wa Sungrazer, unaofadhiliwa na NASA na kusimamiwa na mtaalamu Karl Battams wa Maabara ya Utafiti ya Jeshi la Majini la Marekani, mtu yeyote anaweza kuzipitia. Nyotamkia nyingi za SOHO zimegunduliwa na watu hao wa kujitolea, kutoka mataifa mbalimbali. Ile ya 3,000 iligunduliwa mwaka 2015 na Worachate Boonplod wa Thailand. Mwezi Machi 2024 ilitangazwa kuwa idadi imefika 5,000.

Utaratibu wa kutafuta si mgumu kuelewa, ila unahitaji uvumilivu. Mtafutaji hupanga picha kadhaa zilizopigwa kwa mfuatano na kuzilinganisha. Nyota hubaki katika mpangilio wake. Chembe za mionzi hupiga kamera na kuacha alama nyeupe zinazotokea katika picha moja na kutoweka katika inayofuata. Nyotamkia hutambulika kwa kusogea hatua kwa hatua, kwa mwendo na uelekeo unaolingana kutoka picha moja hadi nyingine. Mtafutaji huandika mahali ilipo katika kila picha pamoja na saa, kisha hutuma taarifa. Baada ya hapo wataalamu huihakiki kabla ya kuitangaza.

Fundisho la mwaka 1986

Umuhimu wa uhakiki ulionekana wazi katika mjadala mmoja uliodumu miaka mingi. Mwaka 1986, mwanafizikia Louis Frank wa Chuo Kikuu cha Iowa nchini Marekani aliona vidoa vyeusi katika picha za Dunia zilizopigwa na setilaiti. Alipendekeza kuwa vidoa hivyo ni alama za nyotamkia ndogo za theluji, kila moja ikiwa na ukubwa wa nyumba, zinazoingia katika angahewa takriban 20 kila dakika. Kama pendekezo hilo lingekuwa sahihi, sehemu kubwa ya maji ya bahari ingekuwa imetoka huko.

Wanasayansi wengine walilipima pendekezo hilo kwa kuuliza lingepaswa kuacha dalili gani mahali pengine. Mwezi ungepigwa pia, na vipima mitetemo vilivyoachwa huko na wanaanga wa Apollo vingeonyesha mapigo mengi. Havikuonyesha. Wachunguzi wengine walionyesha kuwa vidoa vya aina hiyo vinaweza kusababishwa na kasoro za kamera yenyewe. Kwa sababu hizo pendekezo hilo halikukubalika.

Nyotamkia ndogo zipo, na SOHO imezithibitisha kwa maelfu, lakini si kwa wingi ule. Tofauti kati ya madai hayo mawili ilitokana na ushahidi unaoweza kukaguliwa na mtu mwingine, si na cheo cha msemaji.

Ushahidi ulioanguka nchini kwetu

Kando ya darubini na vyombo vya angani ipo njia nyingine ya kuyafahamu magimba hayo, nayo ni mawe yanayoanguka. Hapa ndipo Tanzania inapokuwa na nafasi ya pekee.

Jiwe la Ufana la mwaka 1936 ni la aina iliyoundwa mahali pakavu, katika sehemu za ndani za mfumo wa Jua. Halitokani na nyotamkia. Jiwe la Ivuna la mwaka 1938 ni kinyume chake. Vipande vyake vilivyopatikana vina uzito wa takriban gramu 705 kwa jumla. Ni jeusi na laini, lina kaboni na madini ya udongo yaliyofunga maji ndani yake, na uchunguzi umeonyesha kuwa lina pia amino asidi, ambazo ni viungo vya kujengea protini. Tukiacha gesi nyepesi, mchanganyiko wa elementi zake unafanana sana na ule wa Jua, jambo linaloonyesha kuwa halijabadilika sana tangu mwanzo wa mfumo wetu.

Vimondo vya aina hiyo vilivyoonekana vikianguka na kisha kuokotwa ni vitano tu duniani. Wataalamu huliita kundi hilo CI, ambapo herufi C inasimama kwa kaboni na herufi I inasimama kwa Ivuna. Wapo wanasayansi wanaoona kuwa vimondo hivyo vilitokana na viini vya nyotamkia. Wengine wanaona vilitokana na asteroidi zenye maji nyingi. Mjadala huo ulipata nguvu mpya tarehe 6 Desemba 2020, pale chombo cha Japani kiitwacho Hayabusa2 kilipoleta duniani gramu 5.4 za udongo wa asteroidi ya Ryugu. Udongo huo ulipochunguzwa, ulionekana kufanana na jiwe la Ivuna na wenzake. Safari ya miaka sita na ya mamilioni ya kilomita ilileta kitu ambacho ndugu yake alikuwa ameanguka Tanganyika mwaka 1938.

Fikra moja inafaa kuzingatiwa hapa. Mawe ya kundi la CI humumunyika upesi yanapolowa maji. Mvua moja kubwa ingeweza kulifanya jiwe la Ivuna kuwa tope, na lilianguka mwezi Desemba. Lilisalia kwa sababu liliokotwa na kufikishwa panapohusika. Lingepuuzwa, sayansi ya dunia ingelikosa.

Kutofautisha kinachoonekana

Wilaya za Mbulu na Hanang zina mazingira mazuri ya kutazama anga. Zipo karibu nyuzi 4 kusini mwa Ikweta, hivyo wakazi wake huona karibu anga lote la kaskazini na la kusini kwa mwaka mzima. Nje ya miji ya Mbulu na Katesh taa ni chache, na miezi ya kiangazi huwa na usiku mwingi usio na mawingu. Yafuatayo yatamsaidia mwananchi kutambua anachokiona.

Kimondo hupita kwa sekunde chache kisha huzimika. Nyotamkia haikimbii machoni. Huonekana kama doa la ukungu lenye mkia au lisilo nao, hubaki mahali pake kati ya nyota kwa usiku mzima, na huhama kidogo tu kutoka siku moja hadi nyingine. Setilaiti husogea taratibu kwa dakika kadhaa bila kumetameta, na zilizorushwa pamoja huonekana kama msururu wa taa zinazofuatana.

Vimondo vingi vya usiku vina uhusiano na nyotamkia. Kila mwaka, mwanzoni mwa Mei na katika wiki ya tatu ya Oktoba, Dunia hupita katika vumbi lililoachwa na nyotamkia ya Halley. Anayeamka kabla ya mapambazuko katika siku hizo, anga likiwa jeupe, anaweza kuhesabu vimondo kadhaa kwa saa. Chembe hizo huungua juu sana na hazina madhara.

Ipo pia dhana kuhusu mashimo yenye maji katika eneo la Basotu, Wilaya ya Hanang, ambayo kwa umbo lake la duara humfanya mgeni adhani yalichimbwa na vimondo. Jiolojia inaonyesha kuwa ni mashimo ya volkano, yaliyotokea pale moto wa chini ya ardhi ulipokutana na maji na kulipuka. Mlima Hanang wenyewe, wenye kimo cha takriban mita 3,420, ni volkano ya zamani.

Wakazi wa Hanang wanafahamu kwa uchungu thamani ya maelezo sahihi. Baada ya maporomoko ya tope ya tarehe 3 Desemba 2023 yaliyopoteza maisha ya zaidi ya watu 80 katika eneo la Katesh, Serikali ilieleza kwa kuzingatia taarifa za wataalamu kuwa hapakuwa na mlipuko wa volkano, bali sehemu ya mlima yenye miamba dhaifu ilinyonya maji ya mvua na kuporomoka. Maelezo hayo ndiyo yaliyoonyesha hatari ilitoka wapi. Kwa matukio ya angani pia, uvumi huanza kabla ya taarifa, na kinga yake ni taarifa iliyokusanywa vizuri.

Mambo ya kuzingatia

Kwanza, mwananchi asitazame Jua moja kwa moja wala kwa darubini akitafuta nyotamkia. Macho huharibika kwa muda mfupi na bila maumivu. Nyotamkia za karibu na Jua hutafutwa kwa picha za vyombo vya angani pekee.

Pili, ukiona mwanga mkali sana ukipita angani, kaa mbali na madirisha. Tarehe 15 Februari 2013, gimba lenye upana wa takriban mita 20 lililipuka juu ya mji wa Chelyabinsk nchini Urusi. Watu walisogea madirishani kutazama, na zaidi ya dakika moja baadaye wimbi la mshindo likafika. Takriban watu 1,500 walijeruhiwa, wengi wao kwa vioo.

Tatu, andika ulichokiona kabla hujasimuliwa na wengine: tarehe, saa, mahali uliposimama, upande kilikotokea na kilikoelekea, kilidumu muda gani, na kama ulisikia sauti. Taarifa za mashahidi watatu walio katika vijiji tofauti zinaweza kusaidia kukadiria mahali pa kutafuta.

Nne, ukikuta jiwe geni lenye ganda jembamba jeusi, lipige picha likiwa mahali pake. Usilioshe, usilivunje, na usilijaribu kwa sumaku, kwani sumaku hufuta kumbukumbu iliyomo ndani yake. Ikiwa mvua inakaribia, lichukue kwa mfuko safi na mkavu bila kuligusa kwa mkono mtupu.

Tano, kitu cha chuma, tangi au kifaa kisichojulikana kisiguswe kabisa. Watoto na mifugo wawekwe mbali, kwa kuwa mabaki ya roketi huweza kuwa na kemikali za sumu. Tarehe 30 Desemba 2024, pete ya chuma yenye kipenyo cha takriban mita 2.5 na uzito wa takriban kilo 500 ilianguka katika kijiji cha Mukuku, Kaunti ya Makueni nchini Kenya. Shirika la Anga la Kenya lilifika, likakichukua kitu hicho na kueleza kuwa ni sehemu ya roketi.

Sita, taarifa ifikishwe mapema kwa Mtendaji wa Kijiji au kituo cha Polisi kilicho karibu, ili iweze kupelekwa halmashauri na kwa wataalamu, wakiwamo wa Taasisi ya Jiolojia na Utafiti wa Madini Tanzania, GST, na wa vyuo vikuu vyetu.

Nafasi ya shule

Kwa shule zenye kompyuta na intaneti, ushiriki hauhitaji darubini. Mbali na mradi wa Sungrazer, upo mpango wa kimataifa wa IASC unaozipatia shule picha za darubini ya Pan-STARRS iliyoko Hawaii pamoja na programu ya kuzichambua, bila malipo. Vikundi vya wanafunzi hutafuta asteroidi katika picha hizo na kutuma vipimo vyao. Mwanafunzi hujifunza hisabati ya mahali, mwendo na muda kwa kutumia takwimu halisi, na hujifunza kuwa jibu lake litakaguliwa.

Bara la Afrika limo katika kazi hii. Darubini ya ATLAS iliyoko Sutherland, Afrika Kusini, ilishiriki katika ugunduzi wa mwaka 2023 wa nyotamkia ya Tsuchinshan-ATLAS, ambayo ilionekana kwa macho mwezi Septemba na Oktoba 2024. Darubini mpya ya Vera C. Rubin nchini Chile, iliyoonyesha picha zake za kwanza mwezi Juni 2025, inatarajiwa kuongeza idadi ya magimba madogo yanayojulikana kwa kiwango kikubwa. Wingi huo utahitaji macho mengi zaidi ya kuhakiki.

Umoja wa Mataifa umeitenga tarehe 30 Juni ya kila mwaka kuwa Siku ya Kimataifa ya Asteroidi, kukumbuka mlipuko wa mwaka 1908 huko Tunguska, Siberia. Mlipuko huo uliangusha miti katika eneo la takriban kilomita za mraba 2,000, na baadhi ya watafiti wanaamini ulisababishwa na nyotamkia ndogo. Walimu wa Mbulu na Hanang wanaweza kuitumia siku hiyo kuwafundisha wanafunzi wao kutazama kwa makini, kuandika wanachokiona na kukitolea taarifa kwa wakati.